Ngozi Arobaini na Pua Iliyopakwa Dawa

Walisema sitaweza, na waliosema hivyo hawakuwa maadui bali watu wangu wenyewe, watu tuliokula nao ugali sahani moja. Nilipotangaza kule Kisii kwamba ninarudi Eldoret, miezi michache baada ya vurugu za uchaguzi kutulia, shemeji yangu Momanyi (kaka ya mke wangu, mtu anayecheka kabla hujamaliza kuongea) alinisimamisha mbele ya wageni akasema, "Wewe ulitoka Munyaka, huko Eldoret, na shati moja na diploma kwa mfuko ya plastiki. Sasa unarudi kuchunga majivu?" Mjomba akaongeza kwamba nitakuwa nimerudi kabla mahindi hayajabeba. Mke wangu Kemunto hakucheka, lakini alisema neno lililoniuma zaidi ya kicheko: "Enda. Mimi na watoto tutakuja siku utaniambia una karakana na hudaiwi na mtu. Nimekimbia mara moja, sitakimbia tena nikifukuzwa na wenye deni."

Niliyaweza yote hayo, na nitayasema bila haya. Lakini kati ya kurudi na kusimama kuna Jumamosi moja niliyonuka mbele ya mchungaji, mbele ya shemeji na mbele ya wapangaji wa ploti nzima katika mtaa wa Huruma, pale Eldoret, na katika umati ule wote mtu pekee ambaye hakuisikia harufu ni mimi, mwenye diploma ya teknolojia ya ngozi.

Nianze pale kosa lilipoanzia. Nilikuwa nimekodi chumba cha mbele Huruma, nikapata vyombo vya fundi viatu aliyehama, na shule moja ikaniahidi kazi ya mikanda na mikoba nikiwaonyesha ngozi nzuri. Fedha za kununulia ngozi sikuwa nazo. Mama Nafula, jirani yangu anayeuza samaki wa kukaanga, alinikopesha zamu yake ya chama cha kuchangiana fedha, na mchungaji wetu akanipa akiba aliyokuwa ameiweka ya kununua bati la jikoni kwake. Watu wawili waliniamini wakati damu yangu ilinikataa, na mimi badala ya kuogopa nikavimba kichwa.

Ijumaa nikaenda kwenye banda la ngozi la Mzee Kosgei, kando ya barabara ya kwenda Chepkoilel. Banda ni paa la mabati na sakafu ya saruji yenye mfereji, ambapo ngozi za ng'ombe kutoka machinjioni hupakwa chumvi na kupangwa moja juu ya nyingine, na yeyote aliyewahi kupita pale anajua kwamba harufu yake hukufuata hadi kitandani. Mimi sikutaka wachuuzi wanione nikikunja uso kama mgeni. Kwa hiyo, kabla ya kuingia, nikatoa kichupa cha dawa ya mafua, ile ya kupaka inayochoma macho, nikaipaka chini ya pua na ndani ya pua, nyingi, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa Krismasi. Halafu nikavaa koti jeupe na glavu za mpira. Nilipendeza sana, ninyi hamkuwepo.

Muuzaji alikuwa dalali fulani aliyeleta ngozi arobaini kwa lori kutoka mbali, mwenye haraka kama mtu aliyeacha maji motoni. Pale bandani kuna desturi ambayo ni ya zamani kuliko diploma yangu. Mwenye banda hasemi bei wala hasemi ngozi ni nzuri au mbaya, maana anamhitaji muuzaji kesho na mnunuzi kesho kutwa, lakini anayo ruhusa ya kuuliza swali moja tu: "Umevuta?" Maana yake, umevua glavu ukashika manyoya kwa kidole gumba na cha shahada, shingoni, tumboni na kwenye mikunjo, ukavuta? Ngozi iliyochelewa kupata chumvi huanza kuoza kutoka ndani, na dalili ya kwanza ni manyoya kulegea. Ukishavuta na kusema mbele ya watu "nimekubali," mzigo ni wako hata ukigeuka mchuzi njiani.

Mimi nikaanza kukagua kwa sauti, maana watu walikuwa wamekusanyika. Nikafunua ngozi tano za juu, nikaonyesha alama za kupe, nikaonyesha mikwaruzo ya seng'enge, nikamwonyesha dalali mahali kisu cha mchinjaji kilipopenya upande wa nyama, nikamwambia hii ni daraja la kwanza na ile ni la pili kwa sababu mtu wenu amechuna kama anayechonga kijiti cha meno. Wakacheka. Nikanogewa.

"Umevuta?" akauliza Mzee Kosgei, ameketi juu ya gunia la chumvi.

"Mzee, macho inatosha."

Nikaendelea. Akaniacha nionyeshe mikwaruzo mingine miwili, akauliza tena, "Kijana, umevuta?"

"Mzee, hii kitu nilisoma miaka tatu."

Mara ya tatu aliuliza polepole sana, akiangalia chini ya rundo, siyo mimi, na mtu yeyote mwenye masikio angesimama. Mimi nikamjibu mbele ya watu, na hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze kila nikikumbuka, "Mzee, hiyo ya kuvuta-vuta ni ya watu hawana karatasi." Kisha nikageuka kwa dalali nikasema, "Nimekubali. Zote arobaini."

Mzee akasimama, akajipangusa chumvi kwenye suruali, akasema tu, "Haya. Ni zako." Dalali alihesabu fedha yake akitembea.

Ngozi zikafika Huruma jioni ile kwa mkokoteni, na kwa kuwa Jumamosi nilikuwa na sherehe ndogo ya kufungua karakana, sikuzipeleka mara moja kwa wasafishaji wanaotoa manyoya na kuzilainisha, nilitaka zionekane. Wasukuma mkokoteni walizishusha gizani mbele ya mlango, pua yangu ikiwa bado imezibwa na dawa, nami nikapanga zile tano nzuri juu kama maandazi ya duka. Momanyi alikuwa amepanda gari la alfajiri kutoka Kisii kuja kuona kwa macho yake, akampelekee dada yake ripoti, na mimi nilitaka ripoti hiyo iwe nene. Asubuhi nikapaka tena ile dawa (niliamini ndiyo siri ya mafanikio ya Ijumaa), nikavaa lile koti, nikasimama mbele ya watu kama thelathini nikatoa ushuhuda.

Nilieleza jinsi tulivyokimbia, jinsi tulivyolala kwenye uwanja wa kanisa na watoto wakiwa wamejifunika gunia, na hapo nikaona watu wanatoa leso. Nikafurahi moyoni. Nikasema nilivyorudi peke yangu, wengine wakainamisha vichwa, wakafunika uso kwa kanga. Mama mmoja machozi yakamtoka kabisa. Nikasema ndani yangu, kumbe Mungu amenipa na kipaji cha kuhubiri! Nikarefusha. Nikarudia ile sehemu ya gunia.

Mchungaji aliitwa abariki ngozi. Mchungaji wetu akianza kuomba, chai hupoa mara mbili, lakini siku hiyo alisema "Bwana, unaona mwenyewe, amina," akarudi nyuma hatua tatu.

"Fundi," Mama Nafula akasema kupitia kwenye leso, "hapa kuna kitu imekufa?"

"Hiyo ni harufu ya biashara, Mama," nikamjibu, na watu wakacheka vibaya. Momanyi, akiwa ameziba pua kwa vidole viwili, akasema kwa sauti ya bata, "Shemeji, basi hiyo biashara ilikufa lini?"

Nilikasirika. Nikaamua nimfunge mdomo kwa vitendo. Nikavuta ngozi moja kutoka katikati ya rundo (siyo ya juu, mnanielewa), nikaishika shingoni kwa mikono yote miwili, nikainyanyua nikisema, "Angalieni uimara wa..." na sikumaliza, kwa sababu ngozi ilibaki chini na manyoya yakaja na mimi. Yalitoka yote kwa pamoja, tambara zima, jekundu, kama mtu aliyevuliwa wigi sokoni, nami nikaenda nyuma kwa nguvu zangu mwenyewe nikakaa kitako juu ya rundo, rundo likateleza, na lile tambara likaruka likatua juu ya viatu vya mchungaji, vile vyeusi vya Jumapili. Chini ya ngozi zile tano nzuri, kila kitu kilikuwa kibichi, kijani, kinateleza. Nzi waliokuwa wamejificha wakatoka kutuchungulia. Na pale nilipokaa, dawa ikiwa imeshindwa kabisa, harufu ikanifikia. Ndugu zangu, nilitapika mbele ya mgeni rasmi, na mgeni rasmi ni shemeji yangu.

Momanyi alicheka mpaka akaketi kwenye jiwe. Halafu akaacha kucheka, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Akasema, "Nitamwambia nini Kemunto?" Mama Nafula alikuwa anaangalia rundo, na nilijua anaangalia zamu yake ya chama.

Jumatatu nikaenda bandani bila koti wala glavu, na pua ikiwa tupu. Wachuuzi walinipokea kwa wimbo: "Bwana Karatasi! Leo umevuta?" Nikawapita. Nikamwambia Mzee Kosgei, "Mzee, nilikukosea heshima. Sikuja kurudisha ngozi, najua ni zangu. Nimekuja unifundishe."

Akasema, "Karatasi yako si mbaya. Lakini karatasi haina vidole." Tukaenda wote Huruma na mkokoteni. Tulivuta ngozi zote arobaini, moja baada ya nyingine, yeye akinishika gumba na kulielekeza, na tukakuta kwamba nyingi zimeoza tumboni na shingoni tu huku ukanda wa mgongo ungali imara, manyoya yameshika kama mizizi. Hapo ndipo diploma yangu ilipopata kazi (ndiyo, nitajisifu, nimengoja sana): nilipima, nikachora, nikaona kwamba mkoba hautoki tena, lakini mkanda ni kitu chembamba, na migongo ile inatoa mikanda ya shule nzima. Mzee alinikopesha magunia mawili ya chumvi tukaokoa migongo siku ile ile. Sehemu zilizooza tulizizika shambani kwake, na mimi ndiye niliyechimba.

Wasafishaji waliilainisha migongo ile, nikakata, na shule ikachukua mikanda. Fundi mwenye cheti nikawa asubuhi ninakwangua mafuta ya ngozi bandani ili nipate kununua nzuri, na mchana ninashona Huruma. Leo mikanda yangu inavaliwa mpaka Kitale, na hakuna ngozi inayopita mikononi mwangu bila kuvutwa sehemu zote tatu kwa vidole vitupu, wala sijapaka kitu puani tena, hata nikiwa na mafua ya kweli nakohoa tu. Na mzee akiniuliza swali, nasimama.

Siku niliyomaliza madeni ilikuwa ya jua kali. Nilianza kwa Mama Nafula, akahesabu na kunipa samaki mkubwa kwa hasira ya furaha. Nikapita kwa mchungaji, nikampa fedha ya bati, na viatu vipya vyeusi nilivyomshonea mwenyewe. Mwisho nikabeba magunia mawili ya chumvi kwenye mkokoteni, nikausukuma mwenyewe hadi bandani. Mzee Kosgei akatia kidole kwenye chumvi, akaionja, akasema, "Kesho asubuhi kuna lori inakuja. Mimi macho imeanza kuchoka. Wewe ndiye utakaa kwa gunia uulize watu."

Nikatoka nje, nikampigia Kemunto.

"Nimemaliza," nikamwambia.

"Wote umewalipa?"

"Wote."

"Hata ile chumvi ya mzee?"

"Ndiyo natoka kwake saa hii."

Nikasikia akiwaita watoto waje ndani. "Basi niambie," akasema, "gari ya kuja Eldoret inatoka hapa saa ngapi?"