Chombo cha Maziwa Nilichokipiga Msasa

Nilikwenda Kakuma kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, na heri niliseme mapema. Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule moja ya Lodwar, mzaliwa wa Tabaka kule Kisii, ambako vinyago vya jiwe laini huchongwa karibu kila boma. Nimekua na patasi mkononi, na kwa kazi za mikono sijawahi kumwogopa mtu. Basi Mama Arupe, mwenye nyumba ninayopanga, aliponiazima chombo chake cha mti cha kukamulia maziwa ili niwaonyeshe wanafunzi, nilikiona kimejaa masizi na mafuta yaliyogandamana ndani, nikaona nimfanyie hisani. Nilikiloweka majini, nikakipiga msasa kama tufanyavyo jiwe letu mpaka kikawa cheupe, kisha nikakianika. Jua la Lodwar halikuhitaji hata saa nzima. Kilipasuka kutoka mdomoni hadi karibu na kitako.

Mama Arupe hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Chombo hicho alikirithi kwa mama yake, na Jumamosi ya wiki hiyo kilikuwa kiondoke na binti yake Arupe, aliyekuwa anaolewa kijiji cha Namoruputh.

"Mwalimu, mwenye alichonga hii ako hai," aliniambia. "Ni dada ya mama yangu, Ata Asinyen. Iko Kakuma. Peleka wewe mwenyewe, umwambie na mdomo yako."

Ata ni bibi kwa Kiturkana. Nilikubali.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, nilipata nafasi kwenye pikapu ya mboga iliyokuwa imesafiri usiku kucha kutoka Kitale. Chombo nilikipakata, na mkobani nilikuwa na chupa ya gundi ya mbao. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilijiambia, na mhunzi nilikuwa mimi. Tuliiacha mikoma ya kando ya mto Turkwel, tukaingia uwanda wa migunga na vichuguu virefu kuliko mtu, ngamia wakivuka lami bila haraka. Dereva alipokisikia kisa changu alicheka mpaka akapunguza mwendo.

"Yaani mmetoka Kisii mkaona mje kuoshea watu vyombo?"

Nilicheka naye, ingawa sikupenda.

Saa tatu, Kakuma. Fundi cherehani mmoja, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi, aliinua kichwa akaniona nikizubaa sokoni. "Uko unatafuta nani, papa?" Nilipomtajia jina alinyoosha mkasi wake. "Ule mukongwe wa vyombo? Iko kule ngambo ya mutoni." Mto wenyewe, Tarach, ulikuwa mchanga mtupu. Niliuvuka kwa miguu, viatu vikijaa.

Nilimkuta Ata Asinyen mlangoni pa kibanda chake cha makuti ya mkoma, shanga zimempanda hadi kidevuni. "Ejok, Ata," nilimsalimu, akaitikia. Alikipokea chombo, akatumbukiza pua ndani.

"Harufu imeenda wapi?"

Nilimweleza yote, maji, msasa na jua. Kisha nikatoa gundi yangu kwa kujiamini. Aliinusa, akaiweka nyuma ya mgongo wake, na sijaiona tena.

"Maziwa ya gundi atakunywa nani? Mtoto?" Akakigonga chombo kwa ukucha. "Hiyo nyeusi sio uchafu. Mti inakunywa mafuta, inakula moshi, miaka mingi, mpaka inashiba. Ikishiba, haiwezi pasuka. Wewe umetoa chakula yote kwa tumbo yake."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nilidhani atakichukua akitengeneze mwenyewe, lakini alinionyesha vidole vyake vilivyopinda, akagusa macho.

"Mimi nimeisha. Wewe uko na mkono. Kaa chini."

Basi nilishona mimi, yeye akinielekeza. Sindano nene ya chuma ilitiwa motoni, nikatoboa matundu pande zote mbili za ufa. La kwanza nililiweka karibu mno na ukingo, kibanzi kikaruka, naye akafyonya. Nikaogopa kweli, maana hapakuwa na chombo kingine. Nilipitisha ukanda wa ngozi ya mbuzi uliolowekwa, nikauvuta kwa nguvu zote, akanipiga kofi mkononi.

"Wachana nayo. Ngozi ikikauka itavuta yenyewe."

Ikavuta. Kufikia Alhamisi jioni, kivulini, ufa ulikuwa umefumbana. Nilipaka mafuta ya mkia wa kondoo mara tatu, kila mara nikatia makaa ndani, nikafunika na kutikisa mpaka moshi ukanitoa machozi. Nilitaka tukijaribu kwa maji. Alikataa.

"Maziwa ndio atasema. Huko kwa mwenyewe."

Ijumaa nilirudi bila kujua kama kazi yangu inashika. Njiani nilifikiri jinsi nilivyokaa Lodwar miaka minne nikiwafundisha watoto wa Turkana sanaa, bila kumuuliza mama hata mmoja kwa nini chombo chake ni cheusi. Kuuliza si ujinga, nami nilikuwa nimejiona nimepita kuuliza.

Alasiri, uani, Mama Arupe alikinusa kwanza. Akamkamua mbuzi, akakijaza, akakishika juu. Tuliutazama mshono. Alipitisha kidole chini, akakitazama kidole. Kilikuwa kikavu.

Nilimwambia Arupe, aliyekuwa akitazama nasi, kwamba huko ukweni akishike upande wenye mshono ukimtazama yeye, wageni wasiuone.

"Kwa nini nifiche?" alisema. "Chombo mzima kila mtu iko nayo. Hii watauliza nani alishona, na mimi nitasema ni ndugu yangu."

Mama Arupe alininyooshea chombo, nikanywa. Maziwa yalikuwa na ladha ya moshi.