Kukhu na Nyumba ya Mwambani

Wiki jana, katika duka la vifaa vya ofisi pale Kiminini, nilikuta mashine kuukuu ya kurudufu ikingoja kuuzwa kama chuma chakavu. Niliinama nikainusa. Wino wa stensili, mkali, wa kupanda puani. Mara nikawa na miaka kumi na mmoja, nimebanwa kwenye benchi la ukumbi wa kanisa Bungoma, kando ya mama yake baba, tuliyemwita Kukhu.

Wazazi wangu walikaa Kitale; likizo niliipitisha kwake. Wakati ule Maandiko yalikuwa yakitafsiriwa kwa Kibukusu, na watafsiri walikuwa na desturi moja: kila sura, ikitoka kwenye mashine ya kurudufu ingali inanuka wino, waliwasomea wazee wasiojua kusoma, kisha wakawaomba waisimulie upya. Shukrani yao ilikuwa chai na mkate wa siagi.

Siku hiyo ulisomwa mfano wa wajenzi wawili, mmoja mwambani, mwingine mchangani. Kukhu aliusimulia kwa kuugeuza: mwenye busara alijenga kwenye udongo. Wakasoma tena. Akaugeuza tena, sasa kwa makusudi.

“Nyumba ni nguzo,” aliwaambia. “Kwenye mwamba utazichimbia wapi? Huyo mnayemsifu, upepo utambebea nyumba kama kofia.”

Wazee walicheka hadi chai ikamwagika. Kijana aliyekuwa akisoma hakucheka. Alikata mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Juma lililofuata alileta karatasi mpya: mjenzi alichimba, akachimba, hadi akaufikia mwamba. Kukhu aliisimulia bila kosa, akaongeza kwamba katika nyumba hiyo hata yeye angelala.

Shule zilipofunguliwa nilirudi Kitale, kwenye darasa la kipaimara. Mwalimu wetu alifundisha kwamba kila sentensi ya Maandiko ilishuka kutoka mbinguni ikiwa kamili, haikuguswa na mkono wa mtu. Nikasema mkono niliuona, ulishika kalamu nyekundu, na Kukhu alikuwa ameikataa sura ile mara mbili.

“Ati nyanya yako?” akauliza. “Si basi tumwite Mtume Kukhu.”

Darasa likaangua kicheko. Kisha akaacha utani: nikiri mbele ya wote kwamba nimesema uongo na niombe msamaha, la sivyo jina langu lifutwe. Gauni langu jeupe lilikuwa limekwisha kushonwa.

“Sema tu pole, mama,” baba alinisihi. “Maneno hayavunji mfupa.”

Lakini pole ile ingemfanya Kukhu mwongo. Sikuisema. Askofu alipokuja niliketi nyuma na sare ya shule, nikawatazama wenzangu wakiwekewa mikono. Mwaka uliofuata, kwa mwalimu mwingine, nilipokewa bila maswali.

Miaka mingi baadaye, nikijisomesha kwa vitabu vya kuazima, niliweka Injili mbili ubavu kwa ubavu, mstari kwa mstari. Mwandishi mmoja anasema tu kwamba mtu alijenga juu ya mwamba. Mwingine anasema kwanza alichimba chini sana. Pengine naye aliwasomea watu wa kwao, akakutana na mama mzee mbishi. Siwezi kulithibitisha.

Wapo wanaonionya kwamba nikikubali mikono ya watu, Maandiko yatabaki karatasi tu. Nawauliza ni karatasi gani nyingine iliyowafanya wazee wasiojua herufi wabishane nusu siku kuhusu namna ya kusimama wakati wa dhoruba. Mimi huyasoma kila asubuhi. Msamaha ule bado sijauomba.