Ziwa Lililofagiliwa Wageni

Harufu ya majani ya ziwa yaliyong'olewa mabichi ndiyo iliyonimalizia uvumilivu. Nilishuka kuchota maji, Neema wangu mgongoni, anaharisha tangu Jumapili, nikakuta prezida wa komite yetu ya kupima ziwa, ninamojitolea mimi pia, amesimama njiani.

"Mama Neema, leo hakuna kuchota. Wageni wa Goma wanakuja kupima maji."

"Na jana, Papa Prezida, ng'ombe zako zikikojoa humu, ulikuwa wapi?"

"Aa, dada! Unataka watuone wachafu?"

Niliwaka. Maana harufu ile naijua tangu nikiwa na meno ya utoto.

Kwetu, upande wa Kashuga, mama yangu alikuwa wa kwanza kujitolea kupima ziwa. Mtafiti mmoja alimwachia sahani ya bati yenye rangi nyeusi na nyeupe, imefungwa kamba ya mafundo. Unaishusha majini, inapopotea machoni, unahesabu mafundo. Maji yakiwa masafi, inaonekana mpaka chini kabisa.

Jamani, nilivyoipenda siku ya kupima! Tangu asubuhi akina mama waling'oa majani, wakazoa mavi ya ng'ombe, wakakataza kufua. Sisi watoto tulifagia ukingo kama uwanja wa kanisa. Mgeni akifika, mama anashusha sahani huku akiimba, "Naiona! Bado naiona!" nasi tunapiga vigelegele, ziwa letu limefaulu! Halafu mgeni anakula sombe na maharagi kwetu, anacheka, anaandika, anaenda. Usiku tumbo liliniuma, lakini nililala na furaha.

Mpaka nilipofika sekondari ndipo nilielewa. Ziwa letu lilikuwa linapimwa likiwa limevaa nguo za Jumapili. Na kwa kuwa lilifaulu kila mara, bomba la maji lilipelekwa vijiji vingine. Simlaumu mama. Mgeni anafagiliwa, njo vile alilelewa, na siku zile bado nazipenda.

Lakini Neema anaharisha. Basi niliketi palepale juu ya bidoni yangu ya kuchotea maji, nikaandika barua, nikatia sahihi, na wageni walipofika nikamkabidhi mtafiti wao mkononi, prezida akiangalia:

"Mimi Mama Neema, mwenye kujitolea, ninaleta malalamiko. Musitutangazie tena siku ya kuja. Mukuje tu siku ya kufua, ng'ombe ziko mu maji, watoto wetu wanachota. Yale njo maji tunakunywa."