Alikolala Usiku wa Sensa

Sisi hatuhesabu watoto wetu. Mama yangu hakuwahesabu, na mimi nikafuata. Ukiulizwa una wangapi, unawataja mmoja mmoja, na huyo anayeuliza ajijumlishie mwenyewe, mkosi ukija uwe wake. Mtu akinyooshea watoto wangu kidole akisema moja, mbili, tatu, hapa kwangu Rongai atatoka mbio na mwiko wa ugali mgongoni.

Kwa hivyo sensa ilipokuja nilikuwa nimejipanga. Karani aliingia siku ya tatu, mchana, nikiwa nje napepeta maharagwe. Msichana mdogo, koti la kazi limemzidi mabega, na mkononi simu pana kama sahani. Alikuwa na mzee wa kijiji, ambaye kazi yake ilikuwa kumwonyesha maboma na kuharakisha watu.

"Shosho, usiku wa sensa walilala nani hapa?"

"Mimi na huyu." Nikamwonyesha mjukuu wangu kwa kidevu. Alikuwa ameketi mlangoni na vitabu vyake. "Yuko Form Three na anaongoza darasa. Andika hiyo."

"Hakuna mahali pa kuandika hiyo, shosho."

"Basi hiyo simu inapenda umbea tu. Mambo mazuri haitaki."

Karani akacheka. Akanieleza kwamba mtu anahesabiwa pale alipolala usiku ule, si pale kwao. Aliyelala hospitali anahesabiwa hospitali. Wa jela, jela. Wa safarini, stendi.

"Na wa chini ya daraja?"

"Hao pia. Tuliwaendea usiku ule ule na tochi."

Nikaweka ungo chini.

Kisha yakaja maswali ya akina mama. Nimezaa wangapi? Nikawataja. Wa kwanza, ameolewa Molo. Wa pili, anashona nguo Nakuru mjini. Yule niliyezaa mwaka wa njaa, akakaa wiki mbili akaenda. Na kitinda mimba wangu, baba ya huyu aliyeketi mlangoni.

"Wanne," karani akasema kwa sauti. Nilihisi kama amenipiga kofi, lakini mwiko ulikuwa jikoni. Akauliza wanaoishi hapa. Nikasema hakuna. Wanaoishi kwingine? Wa Molo na wa Nakuru. Waliofariki? Yule wa mwaka wa njaa.

Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Imekataa kuendelea, shosho. Inasema haitoshani. Mmoja amebaki."

Nilijua ni kitinda mimba wangu aliyebaki. Alitoka hapa huyu msichana wake akiwa darasa la nne, akaenda Ndabibi kuvuna vitunguu. Wiki ya kwanza alipiga simu, akasema huko kuna baridi ya kukata masikio. Baada ya hapo simu ikazimwa. Nilienda mwenyewe. Msimamizi wa shamba akaniambia alitoka kwa miguu siku ya Jumamosi, na mfuko wake. Nikaenda mochari, moja baada ya nyingine. Walinivutia droo, nikasema siye, wakavuta nyingine, nikasema siye. Kila nikitoka nilitembea haraka kama mtu ameiba.

Sijamfanyia matanga. Mara nyingine usiku mbwa anaamka, anaenda langoni akitikisa mkia, na hakuna mtu. Si kubweka, ni kutikisa mkia. Nalala nikimsikiza anavyolia kidogo kidogo, vile mbwa anavyomlilia bwana wake akiingia.

"Andika amekufa, twende," mzee wa kijiji akasema. "Bado tuna maboma mengi."

"Wewe ulimzika?"

"Mama, miaka yote hii..."

"Nimekuuliza. Ulishika jembe? Ulikula chakula cha matanga yake hapa kwangu?"

Akarudisha chaki yake mfukoni.

"Shosho," karani akasema polepole, "siwezi kuacha wazi. Lazima aingie mahali. Kwingine, ama wamefariki."

Hapo ndipo mjukuu wangu akafunga kitabu.

"Mimi niliandika amekufa."

"Uliandika wapi?"

"Fomu ya shule, nikiingia Form One. Waliuliza kama baba yuko hai."

"Na hukuniambia?"

"Ungeniambia nifute, shosho."

Sikukasirika. Niliogopa. Mtoto alimzika babake peke yake kwa kalamu ya shule, kisha akaja akalala chumba kimoja na mimi miaka hiyo yote. Kumbe mbwa akienda langoni tulikuwa tunakodoa macho wawili, mmoja akimngoja mtu, mwingine akimwogopa.

Nikamgeukia karani. "Nikisema kwingine, nchi itaongezeka mtu?"

"Hapana. Hilo ni swali la uzazi tu. Hesabu ya nchi ni pale mtu alipolala. Kama yuko, kuna mwenzangu alimhesabu."

"Na kama hayuko?"

"Basi hayumo."

"Huwezi kuangalia kwa hiyo simu?"

"Siwezi, shosho. Hakuna mtu anaruhusiwa."

"Weka kwingine."

Akabonyeza, na mara hii simu ikakubali. Nilidhani tumemaliza, lakini alirudi nyuma kidogo. Kuna swali moja la mjukuu wangu alikuwa ameliruka. Baba yake yuko hai?

Mzee wa kijiji akafungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga.

"Muulize mwenyewe," nikasema. "Ni babake."

Mjukuu wangu alinitazama. Nikamwashiria kwa kidevu aseme.

"Hapana," akasema. "Hayuko."

Karani akaandika hilo pia. Simu haikugombana na hata mmoja wetu. Mzee akaandika namba ya chaki juu ya mlango wangu, wakaenda boma lingine.

Miezi ikapita kabla redio kusoma hesabu ya nchi. Mjukuu wangu aliongeza sauti bila kuambiwa. Ilikuwa namba ndefu, yenye mamilioni mbele na mkia wa watu wachache nyuma, na ni ule mkia niliousikiliza.

"Ni watu wengi, shosho," akasema.

"Ni wengi," nikasema. "Mmoja anaweza kuwa huko ndani."

Hakubisha. Alizima redio, akaja akaketi karibu yangu, karibu kuliko kawaida yake.