Vidonge vya Dada

Fundi cherehani wa barazani alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Pindo likienda upande, hulifumua hata kama mteja ameshasema sawa. Kwa hiyo uongo aliokuja kuusema ulimsumbua.

Watafiti wa dawa mpya ya presha walipokuja kituo cha afya, alipimwa siku moja pamoja na dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki. Presha zao zilikuwa juu sawasawa. Yeye akakubaliwa, dada akakataliwa kwa kuwa figo zake zimeanza kuchoka.

"Wamemwacha bibi, wamechukua kijana wa miaka hamsini na sita," dada alitania njiani.

Fundi hakucheka. Dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa kumteremshia dada presha, na hizi mpya zilisifiwa sana. Nesi alieleza kwamba nusu ya watu wangepewa dawa na nusu vidonge vitupu visivyo na dawa, na hata yeye hajui nani kapata nini. Fundi akaona heri kubahatisha. Kila asubuhi akampa dada kidonge chake.

"Na wewe unakunywa nini?"

"Wamenipa vya kutosha. Meza, dada."

Mwezi wa tatu nesi alihesabu pakiti tupu, akapima, akapima tena.

"Fundi, unakunywa kweli? Presha haishuki hata kidogo."

"Nakunywa, Sista. Hata jogoo wa jirani anajua saa yangu ya dawa."

Wakamwongezea, vikawa viwili kwa siku. Dada naye akaongezewa.

Miguu ya dada ikavimba, kisha uso. Jumatatu alishindwa kuinuka, akalazwa. Daktari wa wodi akamuuliza anatumia dawa gani. Dada alimtazama mdogo wake, akajibu polepole, "Zile za kawaida tu."

Alikuwa anamkinga, kama alivyomkinga zamani dhidi ya baba.

Fundi alishika njia hadi ofisi ya utafiti huku akiomba vidonge vile viwe unga mtupu. Alisema yote bila kukaa. Nesi aliacha kuandika.

"Fundi. Mimi nimekuhesabia pakiti kwa mkono wangu."

"Najua, Sista. Nisamehe."

Daktari wa utafiti alipiga simu kwa mtu mwenye orodha ya siri ya nani kapata nini, akataja namba ya Fundi, akasubiri. Alipokata simu alivua miwani.

"Ni dawa yenyewe. Viwili kila siku?"

"Viwili."

"Wewe hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Hakumgombeza. Alipiga wodini, na Fundi akasikia upande mmoja tu wa maneno: dawa zote zisimamisheni, hajakojoa tangu lini, tangu jana asubuhi? Kisha daktari akafunika simu kwa kiganja.

"Wanataka kumsafisha damu kwa mashine sasa hivi. Hawana hakika kama atahimili. Ana mtoto wa kumtilia sahihi?"

"Hana mtoto," Fundi alisema. "Ana mimi."