Kutu ya Gaspard

Tarehe 2 Oktoba 2017, Gaspard Bigirimana, mpaka rangi wa baiskeli mjini Uvira, alifuta neno "Tunapendezesha" kwenye kibao chake akaandika "Tunazeesha". Vita vimesogea karibu na mji, na kwenye vizuizi vya barabarani wenye bunduki huchukua kila baiskeli inayong'aa. Mbovu huziacha zipite.

Wiki hiyo muuguzi Apollinarie alimletea baiskeli nyekundu aliyoachiwa na mgeni mmoja aliyeondoka kwa haraka. Kila Ijumaa huenda nayo Nyakabere kutoa chanjo. Ikichukuliwa, itambidi atembee kutwa.

Gaspard huondoa rangi kuukuu kwa moto. Safari hii moto ulipogusa tu, fremu ilitoa harufu ya sahani ya plastiki. Akaigonga kwa ufunguo. Ililia kama meza.

"Dada, hii si chuma."

"Ni kaboni. Nyuzi zimegandishwa na gundi."

"Kumbe miye niko napika gundi!"

Alizima moto, akasugua kwa msasa na maji siku tatu, akikoma kila zilipochungulia nyuzi nyeusi zilizosukwa kama mkeka. Kisha akapaka rangi ya kahawia na vanishi. Kabla vanishi haijakauka, akanyunyizia kutu halisi aliyoikwangua kwenye geti la jirani. Akamalizia kwa makovu ya kuchomelea, yote ya gundi, mengine mahali ambapo fundi yeyote asingechomelea.

Ijumaa, askari wa kizuizini aliitazama akacheka.

"Mama, hii velo ilikufa mwaka gani?"

Akaishika aisogeze kando, kwa nguvu za kuinua chuma. Ikapaa hadi juu ya kichwa chake, naye akabaki nayo huko, mdomo wazi. Gaspard alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa uzito.

"Iko nyepesi hivi juu ya nini?"

"Kutu imekula chuma yote, chef," Apollinarie akajibu. "Imebaki rangi tu. Usiifinye, itakuvunjikia mu mikono."

Askari akaishusha polepole, kama anayelaza mtoto.

"Pita, mama. Lakini weye usiipande. Utaumia."

Aliisukuma hadi kwenye kona, akapanda.

Ijumaa ijayo atapita kizuizi kilekile, akiwa na kilo tisa za nondo alizofunga Gaspard chini ya kiti ili baiskeli iwe nzito kama chuma.