Shangazi Aliponimiminia Maji

Juzi daktari aliposhika kiwiko changu kwa mikono mitupu, nilimkumbuka shangazi Atupele. Alikuja kwetu Ilomba nikiwa mtoto, wakati wa baridi kali, akinukia mafuta ya mgando, viwiko vyake vikiwa na mabaka yenye magamba meupe. Tulikula ugali sinia moja, na mkono wangu ukagusa kiwiko chake. Nilikimbilia uani kujisugua kwa majivu, nikihofia magamba yataniota kabla ya jioni.

Shangazi akanifuata na kopo la maji. “Hauambukizi huu, mwanangu,” alisema. “Lakini nawa tu.” Akanimiminia akiwa amesimama mbali.

Daktari naye aliniambia ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi, haiambukizi. Jioni binti yangu alikuja kunikumbatia, nikaficha mikono mgongoni.